Siku Jikoni Kwetu Hakukuwa na Moshi

Kabla ya siku ya mwethya, ile sufuria ya stima ilikuwa ghala la mbegu.

Emily, dada ya mume wangu, aliituma wakati wa Krismasi kutoka Doha, anakofanya kazi za nyumba. Ilifika ndani ya boksi kubwa, imefungiwa katikati ya mablanketi ili isigongwe. Mama mkwe wangu alizungusha kifuniko mara moja, akasikia kikijifunga kwa nguvu, akapenda jambo moja tu: hapo hakuna fukusi atakayepita. Akamimina ndani maharagwe na kunde za kupanda, akakifunga, akaisukuma sufuria chini ya kitanda chake. Emily alipopiga simu kuuliza kama tunaitumia, alijibu, "Tunaitumia sana, mwanangu. Mungu akubariki." Hakuwa amedanganya.

Jina lake ni Kamanthe, lakini mimi namwita Mwaitu, yaani mama, kama wanavyomwita watoto wake. Tunaishi wawili kwenye mteremko juu ya kiwanda cha kahawa, upande wa Kangundo. Mume wangu, Wathome, anafanya kazi Athi River na huja mwisho wa mwezi. Stima tunayo kwa sababu ya kiwanda, maana nyaya zilipokuja kwa mashine za kahawa zilipita juu ya boma letu. Miaka hiyo ilikuwa stima ya kwenda na kurudi, lakini ilikuwepo.

Shamba letu linashuka kama paa la nyumba. Bila mitaro hakuna udongo, na bila udongo hakuna mahindi. Mtaro wa juu kabisa ulikuwa umevunjika kwenye mvua iliyopita, maji yakapita katikati ya shamba na kubeba mahindi pamoja na mbolea hadi kwenye barabara ya kiwanda. Ilikuwa lazima uchimbwe upya kabla ya mvua ya Novemba, ule mtaro wa kutupa udongo upande wa juu ambao huku kwetu tunauita fanya juu. Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Inafanywa na mwethya, kundi la wanawake wanaokwenda na majembe yao boma hadi boma, leo kwako, wiki ijayo kwangu.

Kundi letu lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, boma linalochimbiwa lazima liwe na jembe lake kwenye mstari, tangu mwanzo hadi mwisho. Ya pili, jua likifika utosini chakula kiwe tayari. Boma likikosa moja kati ya hayo linarukwa na kupelekwa mwisho wa zamu. Mwaitu na mimi hatukuwahi kuona ugumu wowote, maana mimi nilikuwa nachimba, yeye akipika. Lakini mwaka huo alipasuliwa macho hospitalini, akapewa miwani myeusi, na daktari akamkataza moshi kabisa mpaka macho yapone vizuri. Jikoni kwetu ni mawe matatu na kuni. Ukiingia humo hata na macho mazima unatoka ukilia.

Ndila, mwenyekiti wetu, alilisema jambo hilo mbele ya watu wote. Tulikuwa tumemaliza kuchimba kwa mtu, tumekaa chini tukifuta majembe kwa majani.

"Wiki ijayo ni kwa Kamanthe," akasema. "Lakini Kamanthe macho yake bado. Sasa nani atapika?"

Wote wakanigeukia. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Niliacha shule nikiwa darasa la tano, na tangu nilipoolewa huku, sauti yangu kwenye kundi ilikuwa inasikika tu wakati wa kuitikia wimbo.

"Munyiva, utapika ama utachimba?"

"Vyote viwili, Mama Antony," nikasema, maana Ndila mimi namwita kwa jina la mwanawe.

Wakacheka. Mukai, ambaye ulimi wake haupumziki, akapiga makofi. "Aiya! Bibi ya Wathome, kwani uko na mikono minne?"

"Niko na miwili. Itatosha."

Ndila hakucheka. Si mtu mbaya, ila ni mtu wa sheria. "Sikiliza. Mwaka jana tulikaa kwa mtu tukingoja chakula mpaka jua likaanza kushuka, na mama mmoja akaanguka ndani ya mtaro kwa njaa. Mimi ndiye nilimbeba. Sitaki hiyo tena. Kama hamko tayari semeni sasa, tuwaweke mwisho."

Mwisho wa zamu ulikuwa baada ya mvua kuanza. Mtaro wa kuchimbwa baada ya mvua ni sawa na kufunga mlango ng'ombe akiwa ameshafika sokoni. Niliuona mteremko wetu akilini, na yale maji mekundu.

"Tutakuwa tayari," nikasema.

"Nikifika huko nikose chakula, tunabeba majembe yetu tunaenda. Na mtaenda mwisho. Usije ukasema Ndila ni mbaya."

"Sitasema."

Nilikuwa na hakika. Sikuwa nimewahi kuitumia ile sufuria hata mara moja, lakini nilikuwa nimeifuta vumbi mara nyingi, na kila nilipoifuta nilikitazama kile kifuniko na kujiambia kuwa kitu kizito namna hii hakikutengenezwa kwa ajili ya kunde.

Mwaitu nilimkuta nje, anapepeta mtama kwa kugusa, miwani yake puani.

"Mwaitu, naomba ile sufuria ya Emily."

"Na mbegu zangu?"

"Zitakaa kwenye kibuyu."

"Kibuyu kina tundu."

"Nitaliziba kwa nta."

Akapepeta kidogo. "Umewaahidi nini huko?"

Nikamwambia. Akaweka ungo chini. Kisha akasema, "Basi itoe. Lakini mimi siigusi. Kitu cha kupika kikiwa hakina moto unaouona, hujui kimekasirika ama kimetulia."

Tuliiweka sebuleni juu ya stuli, karibu na redio, kwa sababu soketi iko hapo peke yake. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeloweka mahindi na maharagwe, maana chakula cha mwethya kwetu ni isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka mahindi yapasuke. Mbele ya sufuria kulikuwa na vitufe vyenye picha: samaki, kuku, mchele, maharagwe. Mahindi hayakuwepo. Nikachagua maharagwe.

Nilipika jinsi ninavyopika siku zote. Nilijaza sufuria mpaka karibu na mdomo, kwa sababu sufuria ya isyo isiyojaa kwetu ni aibu. Kisha nikatia magadi. Hakuna mwanamke wa huku anayechemsha isyo bila magadi, maana ndiyo yanayolainisha. Mwaitu mwenyewe alinikumbusha kutoka mlangoni: "Usisahau magadi, yatakuwa mawe."

Nikafunga, nikachomeka. Taa ikapepesa, redio ikakwaruza, kisha sufuria ikaanza kunguruma polepole, sauti ya chini, ya ndani.

"Unasikia?" Mwaitu akasema. "Huo ni mzinga. Una nyuki ndani."

Baba yake alikuwa mtu wa mizinga, kwa hiyo alisimama kama mtu aliyesimama chini ya mzinga, tayari kukimbia. Na baada ya muda alikimbia kweli. Kijibomba cha mvuke kilicho juu ya kifuniko kilikohoa, kikakohoa tena, halafu povu la kijivu likaanza kumiminika pamoja na maganda ya maharagwe, likashuka ubavuni mwa sufuria, likapita juu ya stuli, likaelekea kwenye redio.

"Munyiva! Toka! Mzinga umeamka!" Alikuwa ameshafika kwenye banda la mbuzi, leso kichwani.

Nilichomoa waya, nikaokoa redio, nikangoja. Ilipopoa nikafungua. Povu tupu, na chini yake mahindi magumu vilevile. Sikukasirika. Nilikitoa kile kijibomba cha mvuke, nikakichokoa kwa mwiba, nikakuta ganda la haragwe limekaa humo kama kizibo. Nikakaa chini na kufikiria. Magadi hutoa povu kwenye sufuria yoyote, ila kwenye sufuria ya mawe matatu unaliona likipanda, unafunua, unapuliza, linarudi. Hii huwezi kuifunua. Basi kosa halikuwa la sufuria. Tulikuwa tumeiletea mazoea ya jiko letu, nayo haikuyajua.

Mara ya pili nilijaza nusu tu, bila magadi. Mwaitu alitikisa kichwa. Hapo nikafanya kosa lingine. Isyo hunywa maji, na sisi tumezoea kuongeza kila yanapokauka. Nikajiambia, kwa kuwa hii haifunguliwi, acha nitie maji yote mapema, pamoja na yale ambayo ningeongeza baadaye.

Sufuria ilinguruma. Kipini kidogo cha chuma kwenye kifuniko kikatetemeka, kikalia kidogo, kikapanda juu, kikatulia. Ikawa kimya. Kisha, kama kawaida ya huku kwetu, stima ikaenda.

"Fungua tuweke kwa moto," Mwaitu akasema kutoka mlangoni.

Nilijaribu. Kifuniko kilikataa kabisa. Nikavuta, kikakataa. Kile kipini kilikuwa bado kimesimama, na nikaelewa kwamba maadamu kimesimama, ndani kuna nguvu, na sufuria haitaki kuachilia. Nikaiacha. Nikaenda kukata nyasi za mbuzi. Niliporudi stima ilikuwa bado haijarudi, lakini kipini kilikuwa kimeanguka chenyewe. Nikafungua bila shida. Mahindi yalikuwa yamepasuka kama maua, maharagwe laini, yote yakiogelea ndani ya maji mengi kama ya kunyweshea ng'ombe.

Tuliyanywa kwa vikombe. Mwaitu alicheka mpaka akavua miwani kupangusa macho, nami nikamkataza. Lakini nilikuwa nimejua mambo mawili: maji yakiingia humo hayatoki, na joto likiingia humo halitoki haraka, hata stima ikienda.

Mara ya tatu ilikubali. Nilimpelekea Mwaitu bakuli. Akatafuna, akatafuna tena.

"Haina moshi," akasema.

"Ndiyo."

"Hii ni isyo ya hospitali." Akamaliza bakuli, akaomba nyingine.

Likabaki jambo moja. Sufuria ilikuwa ndogo, na wanawake wa mwethya ni wengi na wana njaa ya jembe. Ilibidi ipikwe mara tatu. Ya kwanza ningeipika mwenyewe alfajiri. Zile nyingine mbili zingepikwa mimi nikiwa kwenye mstari, na nyumbani angekuwa Mwaitu peke yake.

"Nilisema siigusi," akanikumbusha.

"Mwaitu, si uliniambia baba yako alijua mzinga kwa kusikiliza? Kama umejaa, kama nyuki wanahama, kama kuna asali?"

"Alikuwa anaweka sikio."

"Huu pia una sauti. Hauhitaji macho."

Kesho yake alivuta kiti mpaka karibu na stuli. Tulipika tukiwa tumenyamaza. Aliinamisha kichwa, miwani ikielekea sakafuni, na kila sauti akaipa maana yake. Kunguruma: inapasha. Kutetemeka kwa kipini: inajaa. Kimya: inapika. Mlio mdogo wa kitufe: imemaliza. Kisha nikampa mwiko mrefu, nikamwonyesha jinsi ya kusukuma kile kijibomba kutoka mbali ili mvuke utoke. Mara ya kwanza aliruka. Mara ya pili alisimama imara, mvuke ukapiga dari, naye akasema, "Unapumua kama fahali." Baada ya hapo hakutaka mimi nisukume. Alinipokonya mwiko.

Siku ya mwethya, wanawake walipofika na majembe mabegani, zamu ya kwanza ilikuwa tayari. Nilikuwa nimeimimina ndani ya sufuria kubwa, nikaifunika, nikaiweka ndani ya kikapu kilichojazwa majani makavu ya migomba, kisha magunia, kisha yale mablanketi ya Emily. Chai nilikuwa nimechemsha kwa jiko dogo la mafuta ya taa na kuijaza kwenye chupa. Jiko hilo lafaa kwa chai tu, maana kwa isyo lingekunywa debe zima kabla mahindi hayajapasuka. Mwaitu alikuwa amekaa karibu na stuli, miwani usoni, mwiko magotini, kama askari wa benki.

"Nenda kachimbe," akaniambia. "Unanipigia kelele, sisikii mzinga."

Tulianza kwa kuzibua mtaro wa chini, uliojaa udongo wa mvua iliyopita. Ndila alikuwa mbele ya mstari, akianzisha wimbo, nasi tukiitikia na majembe yakishuka pamoja. Udongo ulikuwa mkavu juu lakini laini ndani. Kazi ilienda vizuri. Tukamaliza wa chini, tukapanda kwenye wa katikati.

Hapo ndipo nilipoona shingo zikigeuka.

Huku kwetu watu wa mwethya hawana haja ya saa. Wanatazama moshi wa jikoni. Moshi mzito wa buluu ni kuni zimeshika, sufuria imepanda. Moshi ukipungua, mahindi yamechemka na kuni zimevutwa nyuma. Ukiona moshi mweupe wa ghafla, moto umemwagiwa maji, nawa mikono. Mwanamke anachimba hivyo, jicho moja kwenye jembe na lingine kwenye paa la jikoni, na tumbo lake linajua lingoje mpaka lini. Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Jikoni kwetu kulikuwa kumefungwa, na paa lake lilikuwa safi kama la kanisa.

"Ndila," Mukai akasema bila kuacha kuchimba. "Hebu tazama huko chini. Hata paka hajaamka kwa hayo majivu."

"Nimeona."

"Pengine leo tunakula miwani ya Kamanthe."

Mstari mzima ukacheka. Ndila akanigeukia. "Munyiva, chakula kiko?"

"Kiko, Mama Antony."

"Kiko wapi?"

"Sebuleni."

Loo, kicheko kilichotoka! "Sebuleni!" Mukai akashika kiuno. "Kimeketi kwa kochi? Kimepewa chai?"

Mikono yangu haikusimama. Nilijua kilichokuwa sebuleni. Tukamaliza mtaro wa katikati. Ukabaki wa juu, ule uliovunjika, ambao ndio hasa uliowaleta.

Kabla hatujaupanda, Mwaitu akatokea kwenye kona ya nyumba. Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti iliyofika mpaka kiwandani.

"Munyivaaa! Stima imeenda!"

Hakuna ambaye hakusikia. Ndila akasimamisha jembe lake ardhini, akaliegemea. Wengine wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na wimbo ukakatika. Kundi likisimamisha majembe limeacha kazi. Kurudi ni mpaka mwenyekiti aseme.

"Kwa hiyo chakula chenyewe kilikuwa cha stima," Ndila akasema polepole. "Na stima imeenda."

"Niwashe moto?" Mwaitu akaita. Alikuwa ameshachukua kuni, mzigo mzima kifuani, akipapasa ukuta kuelekea mlango wa jikoni.

"Mwache awashe," mama mmoja akasema. "Angalau tuone moshi."

Nilijua kwamba moto ukiwashwa, wanawake wangetulia na kuendelea kuchimba, hata kama juu yake kuna sufuria ya maji matupu. Lakini Mwaitu angelipia kwa macho yake, na angelipia kwa kitu ambacho hakihitajiki. Nilijaza mapafu. Sijawahi kupaza sauti namna ile mbele ya watu, si kabla wala baada.

"Mwaitu! Weka kuni chini!"

Akasimama.

"Zamu ya pili ulitoa?"

"Nimeitoa! Iko kwa kikapu!"

"Na ya tatu, kipini kililia?"

"Kililia!"

"Kikapanda?"

"Kikapanda! Kikanyamaza kitambo!"

"Basi iache! Usiifungue, usiisogeze! Rudi ukae!"

Akatupa kuni palepale. Zikaanguka kwa kishindo. Akarudi ndani akipapasa ukuta.

"Unaacha chakula cha watu ndani ya kitu kimekufa?" Ndila akauliza.

"Hakijakufa, Mama Antony. Kimefunga mdomo tu. Kinapika na joto lake." Nilishangaa jinsi maneno yalivyokuwa yanakuja. "Mlisema jua likifika utosini. Likifika na chakula hakuna, tuwekeni mwisho, na mimi mwenyewe nitawasindikiza hadi barabarani. Lakini halijafika. Tazameni vivuli vyenu."

Nikachukua jembe langu, nikapanda mtaro wa juu, nikaanza. Jembe moja kwenye shamba kubwa lina sauti ya upweke sana. Nilichimba, nikatupa udongo juu, nikachimba. Sikutazama nyuma. Nilipiga mara kadhaa hivi, halafu nikasikia Ndila nyuma yangu.

"Hajakosea. Kivuli changu bado kirefu." Alikuwa mtu wa sheria, na sheria hiyo ilikuwa upande wangu. "Mstari!"

Majembe yakapanda. Hakuna aliyeimba, lakini yalishuka pamoja, na kwa hasira, na hasira huchimba kuliko wimbo. Mtaro wa juu ulikwisha kabla sijaamini, ukingo wake umesimama, umepigwa na migongo ya majembe ukawa kama ukuta. Vivuli vyetu vilikuwa vimeingia chini ya miguu.

"Haya," Ndila akasema. "Sasa twende tuone hicho kilichoketi kwa kochi."

Tukashuka. Wakanawa mikono. Ndila akaingia sebuleni kwanza, na wengine wakajazana mlangoni na dirishani. Mwaitu alikuwa palepale kwenye kiti, shingo ameinamisha.

"Kamanthe, funua tuone."

"Ngoja," Mwaitu akasema bila kuinua uso. "Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Ukiwa na kelele hutajua."

Mwenyekiti wetu akanyamazishwa mbele ya kundi lake, akanyamaza. Kipini kikaanguka, tik, sauti ndogo ya kijiti. Mwaitu akanyoosha mwiko, akasukuma kijibomba, na mvuke uliobaki ukatoka kwa mlio mwembamba. Mukai alirudi nyuma akamkanyaga mtu. Mwaitu akazungusha kifuniko kwa mikono miwili, akakiinua, na harufu ikamfikia kila mtu yenyewe, haikuhitaji kuelezwa. Mahindi yalikuwa yamepasuka.

Nami nikafunua kikapu, blanketi baada ya blanketi, gunia baada ya gunia, na sufuria kubwa nayo ikatoa mvuke kama imeepuliwa sasa hivi. Nilipakua nikiwa na parachichi zilizokatwa pembeni, kila mtu nusu. Walikula wamekaa kwenye kivuli cha nyumba, na kwa muda hakukuwa na ulimi wa mtu uliokuwa na nafasi, hata wa Mukai.

Ndila alitafuna bakuli lake lote kabla ya kusema. "Haina moshi," akasema.

"Hiyo ni isyo ya hospitali," Mwaitu akamjibu. "Ukitaka moshi nenda ukale kwako."

Kicheko cha sasa hakikuwa kile cha asubuhi. Ndila naye alicheka, akanyoosha bakuli. "Niongeze ya hospitali kidogo. Na wewe Munyiva, kumbe sauti uko nayo. Wiki ijayo kwa Mukai utaanzisha wimbo. Mimi koo limechoka."

"Mimi sijui kuanzisha, Mama Antony."

"Ulijua kuniambia nitazame kivuli changu."

Mukai akaingilia, mdomo umejaa. "Akuje na hiyo sufuria pia."

"Kwani kwako kuna stima?"

"Hakuna. Nitaleta mahindi huku yapikwe, nibebe kwa kikapu."

"Utamwomba mwenyewe," nikasema, nikimwonyesha Mwaitu. Mwaitu aliinua mwiko kidogo, kama mtu anayefikiria.

Mvua ilikuja wiki chache baadaye. Ilianza mchana na haikuacha. Nilijifunika gunia nikapanda shambani kutazama. Maji yalishuka kutoka kwa jirani wa juu, mekundu, yakafika kwenye mtaro wetu mpya yakasimama. Yalijaa taratibu kutoka ukingo hadi ukingo, yakatulia humo yakinywewa na udongo, na chini yake shamba lote lilikuwa likilowa kwa mvua yake lenyewe tu. Hakuna kilichofika barabarani.

Nilipoingia nyumbani nikikung'uta gunia, Mwaitu alikuwa ameketi karibu na sufuria, simu sikioni. Ilikuwa ni Emily. Niliisikia sauti yake ndogo ikiuliza swali lilelile la siku zote.

"Tunaitumia sana," Mwaitu akasema. "Hata sasa inanguruma, sikiliza." Akaisogeza simu karibu na kifuniko, kisha akairudisha sikioni. "Umesikia? Lakini mwanangu, ukipata nafasi tuma nyingine. Mbegu zangu hazina pa kulala."